Kabla Hujaongeza Kifaa cha Pili: Mwongozo kwa Wenye Nyumba na Gesti wa Kilosa na Mikumi

Watu wa Kilosa wanaujua tangu zamani mgogoro wa vitu visivyoingiliana, ila wanaujua kwa jina la reli. Tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu lilijengwa kwa upana wa milimita 1,000. TAZARA, inayopita hapo hapo Kidatu, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, hazifiki upana wa kiganja, lakini behewa la upande huu halikanyagi reli ya upande ule, na mzigo unaotaka kuendelea na safari hauna budi kushushwa na kupakiwa upya. Sasa Kilosa inapitiwa na reli ya aina nyingine, SGR ya milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Mkoa mmoja una reli za vipimo vitatu, zote ni za chuma, na hakuna treni ya moja inayoingia kwenye ya mwenzake.

Nyumba za siku hizi zimeanza kufanana na mkoa huo. Mwaka huu unaweka kamera nne. Mwakani mtoto aliyeko Dar anakuletea taa mbili zinazowashwa kwa simu. Baadaye unafunga geti la rimoti, swichi ya pampu inayojizima tangi likijaa, kisha sola na betri ya lithiamu kwa sababu umeme umekatika mara tatu ndani ya wiki moja. Kila kifaa kikiwa peke yake kinafanya kazi vizuri. Vikikutana ndipo ugomvi unapoanza: programu tano kwenye simu moja, taa isiyoitikia, kamera mpya isiyoonekana kwenye mashine ya zamani, inveta inayozima nyumba nzima wakati mwenye nyumba anaamini betri ina chaji ya kutosha.

Mtu wa Dar akikosea hivi amepoteza mchana mmoja. Anapanda daladala kurudi Kariakoo na risiti yake. Wewe uliye Mikumi uko karibu kilomita 300 kutoka duka hilo, na kifaa kilichokwisha kufunguliwa mara nyingi hakipokelewi tena. Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike kabla ya kununua, na ianzie ukutani.

Fungua boksi la swichi kwanza

Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, azime meni swichi, afungue boksi moja la swichi ya taa na akuonyeshe nyaya zilizomo. Swichi nyingi zinazotumia simu zinahitaji nyaya tatu: laivu inayoleta umeme, waya unaokwenda kwenye taa, na nyutro. Swichi ya kawaida haina haja ya nyutro kwa sababu kazi yake ni kukata na kuunganisha laivu, basi. Swichi janja ina kompyuta ndogo na redio ndani yake. Hata taa ikiwa imezimwa, yenyewe inabaki macho ikisubiri amri, na ili ibaki macho inataka njia yake ya umeme kwenda na kurudi. Mafundi wetu waliorithi mtindo wa Kiingereza wameiacha nyutro juu, penye taa, na kwenye boksi la ukutani wakashusha nyaya mbili tu.

Mtego mkubwa uko hapa. Nyaya hizo mbili mara nyingi ni mwekundu na mweusi, au kahawia na bluu, na fundi mwenye haraka akiuona mweusi anasema, "Bosi, nyutro hii hapa." Siyo. Huo ni waya unaopeleka umeme kwenye taa. Umeme ukirudishwa na akaugusa kwa tesita wakati swichi imezimwa, tesita haiwaki, naye anazidi kuamini. Mwambie apime mara mbili, swichi ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Nyutro ya kweli haiwashi tesita wakati wowote. Waya wa taa utaiwasha mara tu swichi inapowashwa. Kipimo hicho ni cha nusu dakika, na ni kazi ya fundi, si ya mwenye nyumba.

Kama nyutro haipo, njia ni tatu. Unaweza kuvuta waya mpya ndani ya paipu kama paipu ina nafasi. Unaweza kununua swichi za aina isiyohitaji nyutro. Hizi hupitisha umeme kidogo sana kwenye taa yenyewe ili zibaki macho, na kwa taa za LED za wati chache umeme huo unatosha kuifanya taa imetemete usiku kucha au iwake kwa kufifia. Ukichagua njia hii, kile kikapasita kidogo kinachokuja ndani ya boksi kisitupwe. Kinafungwa penye taa ili umeme huo upite kwake. Njia ya tatu ni kuacha swichi ya ukutani kama ilivyo na kufunga rilei ndogo, yaani swichi inayopokea amri ya simu, juu ya dari, mahali nyutro ilipo. Kwa nyumba iliyokwisha kupigwa plasta na rangi, mimi nashauri njia hii ya tatu.

Na kama bado unajenga, tafadhali simamisha kazi kwa siku moja. Mwambie fundi ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi, hata kama huna mpango wa kununua kifaa chochote kwa miaka 10. Mita chache za waya leo ni rahisi mno kuliko kuchimbua ukuta kesho. Mwambie pia aweke maboksi yenye kina cha milimita 35 au zaidi, kwa maana swichi janja ina mgongo mnene na boksi la milimita 16 au 25 halitaimeza.

Kisha kuna zawadi za ndugu walioko nje. Kifaa kilichonunuliwa Marekani kimetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60. Sisi tunatumia volti 230 na hezi 50. Usome mgongoni. Kikiandikwa "100–240V" kinaweza kuvumilia, kikiandikwa 120 peke yake kitaungua. Umbo nalo lina neno: swichi ya Kimarekani ni ya mstatili mrefu, maboksi yetu ni ya mraba wa Kiingereza, na skrubu hazitakutana. Hata ukivuka hapo, vifaa vya mfumo wa Z-Wave vya Marekani vinaongea kwa megahezi 908.42 na vya Ulaya kwa 868.42, kwa hiyo cha shemeji wa Houston na cha dada wa Hamburg havitasikilizana kamwe. Mshukuru ndugu yako, umwombe akutumie hela.

Vinaongea lugha gani?

Wengi wetu tunadhani kifaa kikishaandikwa "smart" kitaelewana na chenzake. Ukweli ni kwamba kila kimoja kinaongea kwa masafa fulani na kwa itifaki fulani, yaani kanuni za mazungumzo, na vyote viwili lazima vilingane.

Mfano mzuri wa lugha ya pamoja unao ukutani kwako tayari. Ni LUKU. Mita za nyumba zetu zimetengenezwa na viwanda tofauti, lakini unanunua umeme kwa njia ileile ya simu na tarakimu 20 unazopewa zinakubalika. Hiyo ni kwa sababu mita hizo zinafuata kiwango kimoja cha kimataifa kiitwacho STS, kilichoanzia Afrika Kusini. Utakumbuka mwaka 2024 TANESCO ilipotutaka tuingize makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Mita hizo zilikuwa zikihesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Makundi mawili ya kwanza yalibadili ufunguo wa mita, la tatu likaleta yuniti zako. Jambo hilo liligusa nchi nyingi kwa pamoja, na likawezekana bila kubadilisha mita kwa sababu wote walikuwa wamekubaliana lugha moja.

Vifaa vya nyumbani havijafika hapo. Vingi vinavyouzwa madukani kwetu vinatumia waifai, vingine Zigbee, vingine Bluetooth, na rimoti nyingi za geti zinatumia megahezi 433. Mwezi Oktoba 2022 makampuni makubwa, yakiwemo Apple, Google, Amazon na Samsung, yalitoa kiwango cha pamoja kiitwacho Matter ili vifaa vyao vielewane. Ni hatua njema, na ukikuta alama yake kwenye boksi ni sababu ya kununua. Lakini Matter ni lugha tu. Kifaa chake kinaweza kusafiri kwa waifai au kwa redio nyingine iitwayo Thread, na cha Thread kinahitaji chombo cha kukiunganisha na mtandao wa nyumbani. Ukinunua balbu ya Thread bila chombo hicho umenunua balbu ya kawaida kwa bei ya mara nne au tano.

Kwa waifai, kosa linalorudiwa kila siku ni la gigahezi 2.4 na 5. Balbu na soketi nyingi za bei nafuu zinasikia 2.4 peke yake. Ruta mpya inatangaza zote mbili kwa jina moja, simu yako inashika 5, nawe unakaa saa nzima ukijaribu kuunganisha balbu isiyoiona simu. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tenganisha majina mawili, unganisha simu kwenye 2.4, kisha anza upya. Kama ruta imewekwa ulinzi wa WPA3 peke yake, irudishe kwenye WPA2 kwa ajili ya vifaa hivyo. Hesabu pia idadi: vile viruta vidogo vya mfukoni tunavyovitumia kwa bando la simu mara nyingi havipokei zaidi ya vifaa 10 au 16. Gesti yenye taa 20 haiwezi kutegemea kimoja cha hivyo.

Zigbee ina adabu nyingine. Kifaa chake kilichofungwa kwenye umeme wa kudumu kinapokea ujumbe na kuupitisha kwa jirani, kwa hiyo mtandao unajitandaza wenyewe chumba kwa chumba, jambo zuri kwa nyumba ndefu za tofali za kuchoma. Kinachotumia betri ndogo, kama kihisi cha mlango, hakipitishi. Basi mtu akizima balbu ya Zigbee kwa swichi ya ukutani amevunja daraja, na kihisi cha chumba cha mwisho kinapotea bila wewe kujua kwa nini. Zigbee na waifai ya 2.4 vinagombania anga moja. Weka ruta kwenye chaneli ya 1 na Zigbee kwenye 25, viachane, na usiviweke juu ya meza moja.

Bando likiisha

Swali hili nataka uliulize kwa kila kifaa, kwa kila muuzaji, bila aibu: "Kaka, hii ikikosa intaneti inaendelea kufanya kazi?" Vifaa vingi vya bei nafuu havizungumzi na simu yako moja kwa moja. Unabonyeza simu ukiwa sebuleni Kilosa, amri inakwenda kwenye seva iliyo bara jingine, ndipo inarudi kuwasha taa iliyo mita tatu kutoka ulipokaa. Bando likiisha, au mnara wa simu ukizimika pamoja na umeme wa mji, amri hairudi.

Hatari nyingine ni ya kampuni yenyewe kufa au kubadili nia. Mwezi Aprili 2022 Insteon ya Marekani ilizima seva zake bila kuwaaga wateja. Mwaka 2016 chombo kiitwacho Revolv, kilichouzwa kwa dola 300, kiligeuzwa kuwa kopo tupu baada ya kampuni iliyokinunua kuamua kuifunga huduma yake. Kifaa kilikuwa kizima, ufunguo ulikuwa kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo chagua mfumo mmoja uwe mkuu wa nyumba, unaofanya maamuzi yake ndani ya nyumba, na vingine vyote vikubali kuwa chini yake. Anayependa kompyuta, au aliye na kijana wa chuo nyumbani, ajaribu Home Assistant. Ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2013, inakaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, na inawaunganisha watengenezaji wengi sana chini ya paa moja bila kwenda nje. Inahitaji subira kuijifunza. Asiyetaka kazi hiyo anunue kila kitu cha mtengenezaji mmoja, hata kama taa ya chapa nyingine ina punguzo zuri. Punguzo hilo mara nyingi ndilo linaloleta programu ya sita kwenye simu.

Gesti: mgeni hana programu yako

Mikumi ni mji wa wapitao. Dereva wa lori la Zambia, watalii wanaowahi hifadhini alfajiri, mtu anayesubiri gari la Ifakara, wote wanalala usiku mmoja na kuondoka. Hakuna hata mmoja atakayepakua programu ili azime taa. Atanyoosha mkono ukutani gizani kutafuta swichi, na ana haki hiyo.

Mfumo wa gesti uanzie hapo. Balbu janja iliyofungwa nyuma ya swichi ya kawaida ni ndoa mbaya: mgeni akizima ukutani, balbu imekatiwa umeme na haipokei amri tena hadi mtu aiwashe kwa mkono. Tumia rilei nyuma ya swichi. Hapo mgeni anabonyeza kama alivyozoea, nawe ukiwa mapokezi unaweza kuzima taa na feni za vyumba vilivyo wazi. Swichi ya ukutani inabaki na mamlaka yake hata ruta ikifa.

Kisha jaribu kukatika kwa umeme. Balbu janja nyingi zimepangwa kiwandani ziwake umeme unaporudi. Umeme ukikatika saa tatu usiku na kurudi saa tisa alfajiri, vyumba vyote vinawaka kwa mpigo mmoja na wageni wote wanaamka. Kwenye programu kuna sehemu ya kuchagua kifaa kifanye nini umeme unaporudi: kiwake, kizime, au kirudi kilivyokuwa. Chagua cha mwisho kwa taa za vyumbani, na kuwaka kwa taa za nje. Ukikuta kifaa hakina chaguo hilo, hakifai chumba cha kulala.

Mtandao wa wageni utenganishe na wa vifaa vyako, kwa jina na nywila tofauti. Mgeni asiye na nia mbaya kabisa anaweza kufungua simu yake na kuiona mashine yako ya kamera.

Kamera

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea wilayani kwetu, kwa sababu kamera zilianza kuingia kabla ya mambo mengine na sasa zinahitaji kuongezwa.

Kamera za waya mnene wa koaksia zinafanana zote kwa nje, lakini picha zinazotumwa zinakuja kwa lahaja tofauti: TVI, CVI na AHD. Ukichomeka kamera ya CVI kwenye mashine inayojua TVI peke yake utapata kioo cheusi, au picha ya kijivu inayokimbia, na utadhani kamera ni mbovu. Kabla hujanunua kamera ya tano, andika namba ya mashine ya kurekodi iliyo chini yake na uangalie inapokea lahaja zipi. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zinapokea zote. Kamera nyingi nazo zina kidude kidogo cha kubadili lahaja kwenye waya wake. Mwombe muuzaji akuonyeshe kabla ya kulipa.

Kamera za mtandao ni ulimwengu mwingine. Kwa hizi tafuta neno ONVIF. Ni kiwango kilichoanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili kamera ya mmoja ionekane kwenye mashine ya mwingine. Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui ni kwamba kwenye baadhi ya kamera ONVIF imezimwa kiwandani; unaiwasha mwenyewe ndani ya mipangilio na kuitengenezea jina la mtumiaji na nywila yake. Hata ikikubali, usitegemee kila kitu kivuke. Picha itavuka, ila mbinu za pekee za mtengenezaji, kama kutambua mtu na gari, mara nyingi zinabaki nyumbani kwao. Angalia na umeme wake: kuna kamera zinazolishwa kwa waya wa mtandao kwa volti 48 kwa utaratibu wa PoE, na kuna za volti 12. Vipitisha-umeme vya bei ndogo vinavyosukuma volti bila kuuliza vinaweza kuunguza kamera siku ya kwanza.

Unataka kuziona kamera ukiwa safarini? Fundi wa zamani atakwambia afungue milango ya ruta. Kwa intaneti ya laini ya simu njia hiyo mara nyingi haifanyi kazi, kwa kuwa kampuni ya simu huwagawia wateja wengi anwani moja na nyumba yako haionekani kutoka nje. Tumia huduma ya mtengenezaji ya kuunganisha kwa msimbo wa QR, ubadilishe nywila ya kiwandani siku hiyo hiyo, na uchague picha ndogo ili bando lisiishe. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, mwenye gesti aweke tangazo linaloonekana kwamba kuna kamera, na asiziweke kabisa karibu na vyumba vya kulala na bafu.

Sola na inveta

Nyumba yenye sola ina mfumo mwingine mzima chini ya mfumo, na wengi wanaununua vipande vipande kadiri hela inavyopatikana. Hakuna ubaya kununua polepole, mradi vipande vijuane.

Kipande cha kwanza ni inveta. Za bei ndogo zinatoa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini kama la TANESCO. Balbu ya kawaida haijali. Pampu na friji zinaunguruma na kupata joto, na vile vijirilei vya waifai vyenye vyanzo dhaifu vya umeme ndani vinaweza kuungua. Kama umeweka, au unafikiria kuweka, vifaa vinavyotumia simu, nunua inveta iliyoandikwa "Pure Sine Wave" na usikubali nyingine.

Cha pili ni paneli na kontrola. Paneli kubwa za siku hizi za wati 550 zinafika karibu volti 50 zisipobeba mzigo. Kontrola ndogo ya betri ya volti 12 mara nyingi haivumilii zaidi ya volti 25 upande wa paneli. Mtu anauza paneli zake tatu za zamani, ananunua moja kubwa, anaichomeka kwenye kontrola ileile, na inakufa jua la saa nne asubuhi. Soma volti ya juu ya kontrola, soma volti ya wazi mgongoni mwa paneli, na ya paneli iwe ndogo kwa nafasi ya kutosha. Paneli za ukubwa tofauti zikiungwa kwa mfululizo, dhaifu ndiyo inayoamua mkondo wa zote.

Cha tatu, na kinachouma zaidi, ni betri. Usiunganishe betri ya lithiamu na ile ya risasi ya zamani, N200, sambamba ukitumaini kuongeza nguvu. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.7. Ya lithiamu ya LiFePO4 inasoma karibu 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari yake, kisha inaporomoka ghafla mwishoni. Inveta iliyopangwa kwa betri ya risasi inaisoma ile 13.2 kama betri iliyojaa pomoni, inaendelea kuonyesha mistari yote, hadi ulinzi wa ndani wa betri unapokata na nyumba inaingia gizani bila onyo. Ndiyo ile inveta "inayozima wakati betri imejaa". Chaji nayo ni tofauti: betri ya risasi ya maji hupewa mara moja moja chaji kali ya kusawazisha, zaidi ya volti 15, ambayo lithiamu haitakiwi kupewa kabisa, kwani kikomo chake ni karibu 14.6. Badilisha aina ya betri kwenye mipangilio ya inveta na ya kontrola siku ileile unayobadilisha betri.

Betri kubwa za lithiamu na inveta huweza pia kuzungumza zenyewe kwa waya unaofanana na wa kompyuta. Usichukue waya wowote wa mtandao ukachomeka. Mpangilio wa pini unatofautiana kati ya watengenezaji. Itifaki ya mtengenezaji wa betri Pylontech imekuwa lugha inayofahamika na inveta nyingi, kwa hiyo betri inayoijua inapunguza matatizo. Zikishindwa kabisa kuelewana bado zinaweza kufanya kazi kwa kupanga volti kwa mkono, lakini asilimia utakayoiona kwenye kioo usiiamini.

Vile visanduku vya sola vya kulipia kidogo kidogo viache vilivyo. Vimefungwa kwa makusudi ili paneli na taa zake vitumike na kisanduku chake tu, na kuvilazimisha kunavunja mkataba.

Pampu nitaisema kwa ufupi kwa sababu jibu lake ni moja. Soketi janja ya ampea 16 haifai kuwasha pampu ya hosipawa moja moja kwa moja, hata kama hesabu ya wati inakubali, maana mota inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida na kuunganisha midomo ya rilei ikashikana. Rilei iwashe kontakta, yaani swichi nzito ya mota, nayo kontakta iwashe pampu, na boya la tangi liwe na uwezo wa kukata pampu lenyewe bila kuuliza simu.

Siku ya makabidhiano

Fundi akimaliza, usilipe salio bado. Akaunti zote zifunguliwe kwa barua pepe na namba ya simu yako, si yake. Akihama Mikumi asiondoke na funguo za nyumba yako. Daftari moja liwekwe karibu na meni swichi, liandikwe jina la kila kifaa, lugha yake, volti yake na tarehe kilipofungwa. Nywila ziweke kwenye daftari jingine la ndani.

Kisha, fundi akiwa bado amesimama hapo, zima ruta. Tembea chumba kwa chumba ukiwasha na kuzima kwa swichi za ukutani. Zima meni swichi, subiri dakika tano kwa kutumia inveta, uirudishe, na uangalie ni nini kimewaka chenyewe na ni nini hakijarudi. Pampu ijaze tangi hadi boya likate. Chochote kilichoshindwa katika jaribio hilo ni kazi ambayo haijakwisha, na salio libaki mfukoni mwako mpaka kirekebishwe.